Shaba, Kupro na Shetani wa Mgodini

Kama Waingereza wanaita shaba "copper", mbona alama yake ya kikemia ni Cu? (Mwanafunzi, Tanga)

Cu ni ya Kilatini, cuprum, na "copper" ni mtoto wa neno hilohilo. Warumi walipata shaba nyingi kisiwani Kupro, wakaiita aes Cyprium, yaani metali ya Kupro. Ulimi hupenda njia ya mkato: aes ikadondoka, ikabaki cyprium, kisha cuprum. Waingereza wa kale wakasema coper. Ukitamka "copper" umekitaja kisiwa.

Na "shaba" je, ni Kibantu? (Morogoro)

Hapana. Ni Kiarabu, shabah, shaba iliyochanganywa na zinki, ikaitwa hivyo kwa kuwa inafanana na dhahabu. Mzizi ndio uleule wa tashbihi mnayoikariri kwenye fasihi. Na hapo pana onyo: mkufu wa "dhahabu" unaouzwa bei ya mchicha kando ya barabara ni tashbihi tu. Niliununua mmoja, wiki ya pili shingo ilikuwa ya kijani.

Polisi wa Uingereza huitwa "copper" kwa ajili ya vifungo vya shaba? (Nairobi)

La! Swali hili naulizwa mara ya tatu mwaka huu. Neno limetokana na kitenzi "cop", kukamata. Maneno kufanana sauti si undugu, jamani.

Nikeli ni jina la mtu? (Mwanza)

La shetani, ukipenda. Wachimbaji wa Kijerumani walikuta mawe mekundu yanayofanana na ya shaba. Wakayachoma, shaba haikutoka. Ulitoka moshi wa aseniki uliowadhuru. Wakamsingizia Nickel, kishetani wa mgodini, na mawe wakayaita Kupfernickel, yaani Nickel wa shaba. Mwaka 1751 Msweden Axel Cronstedt akapata humo metali mpya, na jina la lawama likabaki. Kobalti nayo ni vivyo hivyo, imetoka kwa zimwi Kobold.

"Aluminium" au "aluminum"? (wengi mno)

Msiwacheke Wamarekani kwa kusema aluminum. Humphry Davy, mkemia Mwingereza aliyeipa metali hii jina, alianza na alumium mwaka 1808, na 1812 akaandika aluminum. Wenzake ndio waliochomeka i ili ilingane na sodium. Sisi tunasema alumini, basi. Ila sufuria yako ya alumini jina lake limetoka kwenye sufr ya Kiarabu, yaani shaba, ilhali yenyewe si ya shaba.