Usingizi wa foleni si usingizi: kwa dereva mpya wa njia ya Malaba

Mdogo wangu unayeanza kazi ya lori, wapo watakaokufundisha kurudisha trela nyuma, kushuka milima ya Kabale kwa gia na kusema na askari wa barabarani. Kulala hawatakufundisha, maana kila mtu anadhani anajua kulala. Mimi nilidhani hivyo miaka saba ya kwanza.

Usiku ulionifundisha ulikuwa kabla ya daraja jipya la Jinja kufunguliwa mwaka 2018, tulipokuwa bado tunavukia Nile juu ya bwawa la zamani. Nilikuwa nimekaa siku mbili kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Unaijua foleni, au utaijua: malori matatu yanasogea, unapigiwa honi nyuma, unawasha, unasogea, unazima, unalaza kichwa kwenye usukani. Baada ya nusu saa, honi tena. Ukizembea, mwenzako anakuchomekea. Nilijumlisha vile vipande vya usingizi nikapata kama saa tisa, nikaona vinanitosha. Karatasi zikatoka saa tatu usiku, nikaondoka na furaha ya mtu aliyefunguliwa.

Nakumbuka kuvuka bwawa. Kitu kinachofuata kichwani mwangu ni tanboi, utingo wangu, akipiga kelele, matairi ya kushoto yakiwa yameshatoka kwenye lami, na miti ya Mabira imejaa kwenye mwanga wa taa. Kati ya bwawa na msitu ule kuna mwendo mrefu, tena wenye kona na watu. Niliuendesha wote, na hadi leo sikumbuki hata kona moja.

Baadaye nilianza kuuliza madaktari na kusoma, nikaelewa hesabu yangu ilikosea wapi. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani yake kuna kipindi cha usingizi mzito ambacho ndicho mwili hujitengenezea. Ukiamshwa kila nusu saa, unarudi mwanzo kila mara. Wazee wetu wana jina lake: usingizi wa mang'amung'amu. Saa tisa za vipande hazilingani hata kidogo na saa sita za mfululizo. Kwa hiyo swali la kujiuliza Malaba, Busia au Elegu ni hili: mara ya mwisho nililala saa ngapi bila kuamshwa?

Swali la pili: niko macho tangu saa ngapi? Hesabu tangu ulipoamka, usihesabu tangu uliposhika usukani. Dereva anaweza kuwa na saa tano tu za kuendesha, lakini aliamka alfajiri kukimbizana na ejenti wa forodha, akashinda juani, ndipo akaanza safari usiku. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 kipimo ambacho kila dereva anapaswa kukijua: mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na alipofika saa 24 akawa kama mwenye asilimia 0.10. Tungekataa kupanda basi la dereva mlevi, lakini dereva aliyekesha tunampa pole na kumsifu kwamba ni mchapakazi.

Tena huhitaji kulala usingizi wa pono ndipo uue mtu. Ubongo uliochoka hujizima sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, na pale Iganga au Lugazi mita 90 ni boda boda wangapi, na watoto wangapi wanaokwenda shule?

Mwili nao una saa zake. Kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi usingizi huja kwa nguvu hata kama ulilala mchana, na kuna wimbi dogo lingine baada ya chakula cha mchana, saa nane hadi saa kumi. Panga safari yako ukizijua. Karatasi zikitoka saa tatu usiku kama zangu, usikimbilie Kampala. Ama ulale Malaba penyewe, ama usogee mpaka Naluwerere uegeshe kwenye yadi yenye mlinzi, uondoke saa kumi na mbili. Upande wa Masaka tumezoea Lukaya na Lyantonde, na upande wa kaskazini Kamdini. Kulipia yadi kunauma, najua. Lakini kando ya barabara hulali. Unasikiliza kama kuna mtu anafyonza dizeli kwenye tangi, na kusikiliza huko kunakula usingizi kuliko kelele yoyote.

Foleni yenyewe inaweza kupunguzwa. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, mizigo mingi hulipiwa ushuru kabla haijatoka Mombasa. Piga simu kwa ejenti ukiwa bado Kenya, umuulize karatasi zimefika wapi. Kama bado, usijipange kwenye mstari. Tafuta maegesho upande wa Kenya, ulale saa sita au saba za mfululizo, kisha uingie foleni ukiwa mtu kamili. Utaona wenzako wamekutangulia, na utaumia moyoni. Vumilia.

Sasa hizi mbinu za barabarani. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kujimwagia maji, kutafuna karanga: vyote hivyo vinakupa dakika chache tu, na ubaya wake ni kwamba vinakudanganya umepona. Mairungi, yaani miraa, ni habari nzito zaidi. Majani yale yana kemikali inayofanya kazi kama dawa za kuchangamsha ubongo. Hayaondoi usingizi, yanaufunika tu, na yakiisha nguvu unaangushiwa deni lote kwa mara moja, mara nyingi ukiwa bado kwenye usukani. Ukifika huwezi kulala kwa sababu moyo unakimbia, hivyo unatafuta waragi, ile pombe kali, ikulaze. Waragi inakulaza kweli, kisha inakuamsha katikati ya usiku na kuuvuruga usingizi uliobaki. Kesho yake unahitaji mairungi tena. Nimewaona wenzangu wazuri, madereva kunishinda, wakizunguka humo hadi wakapoteza kazi na nyumba. Nakuomba usianze.

Kahawa ina nafasi yake, na hapa Uganda tunailima wenyewe. Robusta yetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo kikombe kimoja kinatosha. Kafeini huchukua kama nusu saa kuanza kazi. Basi simama mahali salama, kunywa, kisha lala hapo hapo dakika ishirini. Utaamka kahawa ikiwa imefika. Usipitishe nusu saa, maana utazama kwenye usingizi mzito na kuamka mzito zaidi, na ukiamka jipe robo saa ya kutembea kuzunguka lori kabla ya kuwasha. Mbinu hiyo inakufikisha kwenye yadi iliyo karibu, lakini haikufikishi Katuna, mpakani mwa Rwanda. Na saa sita kabla ya kulala, acha kahawa na chai ya rangi kabisa.

Angalia pia dawa. Vidonge vingi vya mafua na mzio hulegeza mwili na kuleta usingizi. Ukienda duka la dawa, sema kwanza kwamba wewe ni dereva.

Kulala mchana ndani ya kabini ni ufundi wa peke yake. Egesha jua likiwa nyuma ya kabini, ziba vioo kwa katoni au pazia zito, acha upenyo wa hewa, funga neti hata kama ni saa nne asubuhi, kwa sababu malaria ya Tororo haina huruma. Zima injini. Na kule Kabale baridi ikikubana, ongeza blanketi. Usiingize sigiri ya makaa ndani ya kabini hata dakika moja. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki tena.

Simu iweke mbali na kitanda. Mwanga wake unauambia ubongo kwamba bado ni mchana, na makundi ya WhatsApp ya madereva hayalali. Tajiri ndiye atakayekusumbua zaidi. Mimi niliwahi kukatwa pesa na tajiri mmoja kwa sababu nilichelewa kupokea simu usiku, na kwa muda mrefu nililala na simu mkononi kama mgonjwa anayesubiri majibu. Siku hizi namwahi. Kabla ya kulala napiga mwenyewe: "Bosi, nimeegesha Naluwerere, sili ya mzigo iko salama, nalala, naondoka saa kumi na mbili, nikifika Mukono nakupigia." Tajiri mwenye taarifa anatulia, maana naye hofu yake ni mzigo. Anayesisitiza uendelee baada ya kusikia hivyo, mtafutie mbadala taratibu.

Halafu kuna madhara yasiyoonekana barabarani. Usingizi ukikupungukia miezi na miaka unakuwa na njaa ya ovyo, unanenepa tumboni, unakasirikia watu wa nyumbani, na hatari ya shinikizo la damu na kisukari inapanda. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Na kuna wanaolala saa nane na bado wanasinzia mchana. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba nakoroma, kisha nanyamaza kabisa kama niliyekatika pumzi, halafu nashtuka. Huo ni ugonjwa: njia ya hewa inaziba usingizini, na mtu anaamka mara nyingi bila kujua. Una tiba. Kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu vilinisaidia, lakini kwanza nilikwenda hospitali, nawe nenda. Ukirudi safari, muulize mwenzako wa nyumbani unalalaje, na umsikilize bila kubisha.

Dalili za kusimama utazijua haraka: kope nzito, miayo mfululizo, kukosa gia, lori kuyumba kwenye mstari, na ile mbaya kuliko zote, kutokumbuka kilomita ulizopita. Ukiipata hiyo, simama pa kwanza penye usalama. Usiseme nitafika mbele kidogo.

Yule tanboi aliyeniamsha Mabira alikuwa na wiki mbili tu kazini. Tuliposimama Najjembe, wauza nyama choma wakiwa bado wako macho, mikono yake ilikuwa inatetemeka hata akashindwa kushika kikombe. Akaniambia alikuwa ameniona nikisinzia tangu Njeru, pale tulipomaliza kuvuka bwawa. Aliogopa kusema kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Tangu usiku ule, kila kijana anayepanda lori langu namwambia kabla sijawasha injini: ukiona macho yangu yanafumba, nipige begani, uniite kwa nguvu, nitasimama na sitakukasirikia. Wako mwambie leo, kabla hamjatoka yadi.