Mchele Mmoja, Viwango Viwili vya Ushuru

SWALI: Nanunua mchele Kahama na kuupeleka Nairobi kupitia Namanga. Tunaambiwa Afrika Mashariki ni soko moja. Mbona mchele wa Pakistan ukishukia Mombasa unatozwa 35%, na ukishukia Dar es Salaam 75%? Na kwa nini mimi nadaiwa cheti ilhali mchele wangu ni wa nyumbani?
Msomaji, Arusha

JIBU: Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni 75% ya thamani (bei, bima na nauli hadi bandarini) au dola 345 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa miaka mingi Kenya imeomba isikitumie, itoze 35% au dola 200. Baraza la Mawaziri la Jumuiya likikubali, nafuu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Jumuiya, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, nayo hudumu mwaka mmoja.

Chukua tani iliyofika bandarini kwa dola 500. Mombasa, 35% ni dola 175. Haifiki 200, basi hulipiwa 200. Dar es Salaam, 75% ni dola 375. Tofauti ni dola 175, yaani dola 17.50 kwa gunia la kilo 100. Kwa biashara ya mchele hiyo ni pesa nyingi mno.

Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaoulima, na Pakistan ni mnunuzi wake mkubwa wa chai. Kuugusa mchele ni kuigusa chai. Tena mwagizaji wa meli nzima anaijua faida yake hadi senti, ana kila sababu ya kubisha hodi wizarani. Hasara ya mkulima wa Mwea, huko Kenya, au wa Kahama imetawanyika debe kwa debe, hana wa kumsemea. Nchi nyingine nazo zina maombi yao katika gazeti hilohilo, kwa hiyo si rahisi kumkatalia jirani. Nafuu ya mwaka mmoja inayorudiwa kila mwaka imeshakuwa sheria, na sisi tunaona inamwonea mkulima.

Kuhusu cheti: punje haina alama ya shamba. Bila cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha ulikolimwa, mzigo wako unahesabiwa kuwa wa nje na kutozwa ushuru. Usiozidi dola 2,000 unatumia cheti rahisi kinachojazwa na kugongwa muhuri mpakani. Ukizidi hapo, pata cheti kamili cha forodha ya Tanzania kabla lori halijaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea.

Wengi hukwama kwa kugawa lori moja katika vyeti rahisi vitatu. Ofisa anajumlisha tu. Wengine huandika msimbo wa forodha 1006.10, ambao ni wa mpunga, wakati wamebeba mchele uliokobolewa, 1006.30. Hakikisha pia kilo za kwenye cheti, ankara na mizani zinalingana.