Namba ya simu yenye 666, uitupe?

Mama, umeuliza kama kadi ya simu uliyonunua Birere, mjini Goma, yenye 666 katikati, ni chapa ya yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo, kwa sababu pale chumba cha maombi wamekuambia uivunje. Usiivunje. Wateja watakupata wapi?

Soma Ufunuo 13:18 polepole. Yohana, mwandishi wake, anamwambia mwenye akili apige hesabu ya mnyama, ambayo ni 666, tena anasema ni hesabu ya kibinadamu. Zamani zile herufi zilikuwa pia tarakimu. Andika "Neron Kaisari", yaani Nero mtawala wa Roma, kwa herufi za Kiebrania: 50, 200, 6, 50, halafu 100, 60, 200. Jumlisha mwenyewe: 666. Ondoa ile N ya mwisho, iwe "Nero" kama Walatini walivyosema, unabaki na 616, na kuna hati za kale zilizoandika 616 kweli. Ndiyo maana wataalamu wengi wanamtaja Nero, aliyewatesa Wakristo wa Roma baada ya moto wa mwaka 64. Wako wanaosoma vingine, Waadventista kwa mfano, lakini hata wao hawatafuti mnyama kwenye namba za simu!

Namba nyingine za Ufunuo kwa kifupi: saba ni ukamilifu, 144,000 ni 12 mara 12 mara 1,000, watu wote wa Mungu, miezi 42 ni nusu ya miaka saba, mateso yenye kikomo.

Wale wa chumba cha maombi wakikudai dola za "kufuta chapa", usitoe hata moja. Na hiyo namba iandikishe kwa jina lako.