Mtindi wa nyumbani: angalia joto kabla ya kuongeza mbegu

Mtindi ukikataa kuganda, wengi hukimbilia kuongeza mbegu, yaani ule mtindi kidogo unaotiwa kwenye maziwa ili yagande. Vijiko viwili vinakuwa vitano, kisha kikombe kizima, na kinachotoka ni mtindi mkali wenye chengachenga. Mara nyingi kosa liko kwenye joto.

Kwanza ujue mbegu uliyonayo ni ya aina gani. Mtindi wa kawaida, ambao Kenya huitwa maziwa lala au mala, hugandishwa na bakteria wanaopenda joto la chumba, nyuzi 22 hadi 30. Yogati ina bakteria wengine, nao huchapa kazi kwenye nyuzi 42 hadi 45. Ukitia mbegu ya yogati kwenye maziwa yaliyopoa kabisa na kuyaacha mezani kwenye baridi ya Njombe mwezi wa Julai, asubuhi utakuta maziwa yaleyale. Ya yogati yatiwe mbegu yakiwa bado na uvuguvugu mkali, kisha yakae kwenye hotipoti saa 5 hadi 8. Hapa chini tunaendelea na mtindi.

Chemsha lita moja ya maziwa yasiyotiwa maji. Yakianza kupanda, punguza moto na uyaache dakika 10 hivi, ukikoroga yasishike chini. Wapo wanaoacha maziwa mabichi yagande yenyewe. Hatushauri, kwa sababu magonjwa kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe yanaweza kupita humo, na uchachu peke yake si kinga ya kutegemea. Dakika hizo 10 zina faida nyingine pia: protini zinazobaki kwenye maji ya maziwa hubadilika na kushikana na kasini, protini kuu ya maziwa, ndipo mtindi unapokuwa mzito. Maziwa yaliyoepuliwa mara tu yalipopanda huganda, ila mepesi.

Funika sufuria na uiweke kwenye beseni la maji baridi. Maziwa yako tayari pale ambapo ukishika sufuria kwa nje husikii joto lolote. Toa utando. Kama sufuria ni ya alumini, hamishia maziwa kwenye chombo cha kioo au cha chuma cha pua kilichosuuzwa kwa maji ya moto na kupoa, maana asidi ya mtindi hula alumini.

Mbegu ni vijiko viwili vya chakula, karibu mililita 30, za mtindi usio na sukari wala ladha, wa siku chache tu. Soma pakiti vizuri: mtindi uliopashwa moto tena baada ya kuganda hauna bakteria hai, na hautagandisha chochote. Vunja mbegu kwanza kwenye kikombe kwa maziwa kidogo hadi mabonge yaishe, mimina kwenye chombo, koroga kidogo, funika, kisha achana nao. Kila unapotikisa ili "kuangalia kama tayari" unaukata, nao utatoa maji.

Dar es Salaam, saa 8 hadi 12 zinatosha. Iringa au Limuru, hesabu 18 hadi 24, na ufunge chombo kwa blanketi. Umeganda ukiinamisha chombo ukaachana na ukingo kwa kipande kimoja. Upeleke kwenye friji hivyohivyo, ukae angalau saa 4, ndipo uupige kwa mchapo. Ukiupiga ungali na joto utakuwa majimaji. Sukari au chumvi huingia mwisho.

Ukiharibika, utazame na kuunusa kabla ya kulaumu mbegu. Maji mengi juu: umekaa muda mrefu mno, au mahali pa joto sana. Unavutika kama mlenda, una mapovu na matundu, au unanuka hamira: vijidudu vingine vimeingia, kwa kawaida kutoka kwenye chombo, kijiko au mbegu yenyewe. Umwage, na mbegu hiyo usiitumie tena. Ukungu wa rangi yoyote, mwaga chombo chote. Usikwangue juu ukala chini.

Kesi ngumu ni maziwa yanayokaa siku nzima bila kuganda ingawa joto liko sawa. Tia mbegu ileile kwenye glasi ya maziwa ya pakiti yasiyo na kitu kingine. Yakiganda, shida ni maziwa yako ya awali, na cha kushuku kwanza ni dawa: ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki hutoa maziwa yanayoua bakteria wa mtindi, na kuchemsha hakuondoi dawa hiyo. Muulize muuzaji. Yasipoganda hata hayo ya pakiti, mbegu imekufa.

Mbegu ya mzunguko unaofuata ichotwe kabla ya sukari na kabla ya mtu yeyote kunywa, kwa kijiko kilichochemshwa, kwenye chupa ndogo ya kioo inayokaa friji. Itumie ndani ya wiki. Muda wa kuganda ukianza kurefuka kila mara ingawa hali ya hewa haijabadilika, nunua mbegu mpya.