Usingizi Hauji, Nishukuru Nini?

Korosho zangu zimeuzwa mnadani, lakini fedha hazijaingia benki na ada ya shule inadaiwa. Nakesha nikipiga hesabu. Mwanangu ananiambia nishukuru. Nishukuru nini? (Mkulima, Tandahimba)

Mwanao hajakosea, ila ameanzia katikati. Deni halifutwi kwa kushukuru, na anayekutaka ujifanye hulioni anakuongezea mzigo. Hata hivyo, kinachofukuza usingizi mara nyingi ni yale tunayoyazungusha kichwani tukiwa tumeshajilaza: Alex Wood na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha watu 401, waliona kwamba wenye mazoea ya kushukuru hulala vizuri zaidi kwa kuwa mawazo yanayowajia kitandani huwa mema zaidi na ya wasiwasi machache. Kwa hiyo, kabla ya kuzima taa, tumia dakika 5 kuandika ya kesho, yaani kwenda kuulizia malipo chama cha msingi na kumwomba mwalimu mkuu muda wa ada, ili kichwa kisilazimike kuyalinda usiku kucha. Kisha andika jambo moja la siku hiyo kwa undani. Usiandike tu "nashukuru kwa uzima". Andika habari za jirani aliyesimamisha pikipiki alasiri, akakubebea gunia la unga kutoka mashineni hadi mlangoni, kisha akakataa hela ya petroli.

Kila usiku naandika mambo matano. Wiki ya tatu sasa najirudia, na daftari limekuwa kero. (Mwalimu, Lindi)

Punguza. Katika utafiti maarufu wa Robert Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, kundi mojawapo liliandika mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10, na bado lilionyesha kuridhika zaidi na maisha kuliko lile lililoorodhesha kero zake. Shukrani inayoandikwa ili ukurasa ujae, wewe mwalimu unaijua, haina tofauti na rejista ya mahudhurio.

Je, nyiradi zangu baada ya Isha hazitoshi, mpaka niwe na daftari? (Msomaji, Mikindani)

Zinatosha, ikiwa moyo upo. Ukishamaliza alhamdulillahi zako 33, kaa kidogo juu ya mswala ukumbuke neema moja ya siku hiyo na aliyekuwa sababu yake.

Huu ni mwezi wa nne silali vizuri, takriban kila usiku. Nianze kushukuru? (Msomaji, Masasi)

Anza na kituo cha afya. Kukosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, huhesabiwa kuwa tatizo sugu, na nyuma yake huweza kuwapo sonona, maumivu au dawa unazotumia. Daftari nenda nalo, lakini liwe na saa ulizopanda kitandani na saa ulizoamka kwa wiki mbili zilizopita, kwani hilo ndilo daktari atakalokuuliza kwanza.