Mbuzi wasiuzwe: kwa wewe unayetaka kuanza kuchora katuni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliniandikia. Alikuta kitabu changu cha katuni mezani kwa mwalimu wake wa Kiswahili, akachukua namba iliyo nyuma ya jalada. "Shikamoo dada. Na mimi nataka kuchora katuni za kidijitali. Ninunue tableti gani, na nianze na programu ipi? Baba amekubali kuuza mbuzi wawili, anangoja nimtajie bei."

Mdogo wangu, mwambie baba mbuzi wasiuzwe. Simu uliyoniandikia inatosha kwa mwaka mzima wa kazi. Na kwa kuwa maswali kama lako yananifikia mara kwa mara, naona nijibu hapa kwa urefu, kwa ajili yako na wenzako wote mnaotamani kuona majina yenu kwenye jalada.

Nimekulia Busia, upande wa Uganda. Mama yangu anauza vitenge karibu na mpaka, na tangu utotoni nilikuwa nachora wateja wake nyuma ya daftari za shule. Nilipomaliza sekondari, ada ya Chuo Kikuu cha Makerere haikupatikana. Kule kuna skuli ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanzisha mafunzo hayo miaka ya 1930, na mimi nilishasoma habari zake zote kabla sijaikanyaga Kampala. Sikwenda. Nikaajiriwa kwenye kibanda cha mobile mani, kutwa nzima natoa na kupokea shilingi za Uganda na za Kenya, na kati ya mteja na mteja nachora kwenye simu yangu ya Tecno kwa kidole.

Kwa kidole, naomba hilo uliweke moyoni. Watu wanapoona kitabu leo wanadhani nilianza na mashine ya bei. Kurasa zilizonitambulisha kwa watu zilichorwa kwa kidole cha shahada, skrini ikiwa na ufa pembeni.

Nilikuwa natumia programu ya kuchora iitwayo ibisPaint X, na mpaka leo ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ni ya bure, ina matangazo, ina kifaa cha kugawanya ukurasa kuwa fremu, yaani visanduku vya picha, na haihitaji intaneti ili uchore. Hilo la mwisho usilipuuze. Julai 2018 tulipoanza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii, wengi walinyamaza. Mimi niliendelea kuchora. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, niliendelea kuchora. Programu isiyodai bando kila unapoifungua ndiyo ya mtu wa kwetu.

Sasa kazi yenyewe. Programu inakupa leya, yaani matabaka ya kuchorea yanayolaliana. Leya ya kwanza ni ya rasimu: chora kwa buluu, haraka haraka, bila kujali uzuri. Kisha ififishe leya hiyo mpaka ionekane kwa mbali tu, fungua nyingine juu yake na upige wino mweusi. Rangi ziwekee leya yake chini ya wino, ili ukipaka zisifunike mistari. Kidole hutetemeka, kwa hiyo washa stabilaiza, kile kifaa cha programu kinachotuliza mstari, vuta mstari mara moja bila kusita. Mstari ukiuvuta vipande vipande unaota manyoya, na msomaji anaona woga wako hata kama hajui kuchora. Tena usikuze picha mpaka jicho la mhusika lijaze skrini. Wanaoanza wanapenda sana kufanya hivyo, wanamaliza jioni nzima kwenye kope ambazo msomaji hatakuja kuziona, maana yeye atasoma fremu hiyo ikiwa na upana wa sentimita chache.

Kuna jambo sikulikuta kwenye video yoyote ya mafunzo kutoka nje. Maneno yetu ni marefu. "Hawatakuruhusu" ni neno moja, nawe ukilitia kwenye kiputo chembamba, kile kiduara cha maneno ya mhusika, ama litakatika katikati ama herufi zitakuwa ndogo hadi zisisomeke. Andika maneno kwanza. Yazungushie kiputo. Ndipo uchore watu kwenye nafasi iliyobaki, na kiputo cha anayeanza kusema kikae juu kushoto. Ukianza na watu, utafika mwisho huna mahali pa kuweka maneno ila usoni kwa mhusika uliyemhangaikia.

Halafu umalize ukurasa. Nitalirudia hili mpaka unichoke: maliza ukurasa.

Mwaka 2020 ndio ulionifanya mchoraji. Machi mpaka ulifungwa kwa abiria, malori yakaendelea kuja. Madereva wakawa wanasubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ikavuka mji. Dereva mmoja wa Mombasa aliegesha karibu na kibanda chetu. Chini ya trela yake palikuwa na sanduku ambalo mlango wake ukiufungua unakuwa meza. Ndani alikuwa na jiko la gesi, sufuria, pakiti ya unga, na kikombe kimoja cha bati ambacho mkono wake ulikatika ukafungwa kwa waya. Watu walikuwa wanamkwepa wakisema madereva ndio wanaoleta ugonjwa. Alipotaka kutoa pesa alisimama ng'ambo ya mtaro akanitajia namba kwa sauti, mbele za watu wote, kwa sababu hakuna aliyetaka asogee.

Nilichora kile kikombe. Nikachora mkono ulioshika ule waya. Kisha nikachora ukurasa mzima wa fremu nne, bila neno hata moja isipokuwa kwenye fremu ya mwisho, ambapo dereva anamtazama msomaji na kusema, "Karibu chai." Nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mpakani, nikalala. Madereva wenyewe ndio waliousambaza. Ukurasa ule ulinirudia kutoka kwa namba ya Kigali nisiyoijua, mtu akiniuliza kama nimewahi kuona kitu kama kile! Nilikaa kwenye kibanda nikacheka peke yangu. Tangu siku hiyo sikuwahi kujiuliza tena kama mimi ni mchoraji.

Ona basi, hakuna tableti katika habari hiyo. Kuna kikombe, na kuna ukurasa uliokwisha. Vijana wengi wananitumia wahusika: shujaa mwenye upanga, mbele, ubavu, nyuma, nywele zinapepea. Wahusika wazuri kabisa. Nikiuliza hadithi iko wapi, wananiambia itakuwa na sehemu mia moja, wanangoja kifaa. Mdogo wangu, chora ukurasa mmoja wenye mwanzo na mwisho. Ukiisha chora mwingine. Chora wanaouza rolex, zile chapati za mayai, usiku, chora bodaboda anavyomsubiri abiria kwenye mvua, chora bibi yako anavyobishana na redio. Sehemu mia moja zitakuja kwa mtu aliyezoea kumaliza.

Sasa nikueleze jingine ambalo bado linaniuma.

Baada ya ukurasa wa dereva, watu wa shirika fulani la Kampala walinipigia. Walitaka hadithi ya picha juu ya kunawa mikono. Nilikesha. Wakarudisha wakisema mwanamume mmoja apunguzwe tumbo, nikapunguza. Wakataka beseni liwe la kijani, nikalifanya kijani. Nikatuma kazi safi, kubwa, iliyokamilika, na kuanzia siku hiyo simu zangu hazikupokelewa tena. Miezi ikapita. Nikampeleka mama kituo cha afya, tumekaa kwenye benchi, nainua macho, kazi yangu iko ukutani. Yule mwanamke niliyemchora alivaa kitenge cha samaki wawili wanaotazamana, chapa ambayo mama aliiuza sana mwaka ule. Kwenye kona nilipoweka jina langu pamepakwa rangi, pamelainishwa kabisa. Mama akasema, "Hao samaki si wangu?" Nikamwambia ni wake. Sijalipwa mpaka leo.

Kwa hiyo hapa nisikilize kama unavyomsikiliza dada yako wa tumbo moja. Uganda tuna Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006. Kazi uliyojichorea mwenyewe ni yako tangu unapoichora, na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako; ila kazi ya kuagizwa huwa ya aliyeiagiza msipoandikiana vingine. Ukitaka ushahidi wa karatasi, isajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Lakini sheria haitakukimbilia. Wewe ndiye wa kujilinda. Omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Wakati wa masahihisho tuma picha ndogo, ya upana wa pikseli 600 hivi, isiyofaa kuchapwa, jina lako likiwa limekatiza katikati. Faili yenye leya zote usimpe mtu. Na jina lako usiliweke kwenye kona. Liingize ndani ya mchoro: kwenye kibao cha duka, kwenye fulana ya mtoto, kwenye tela la baiskeli, mahali ambapo atakayetaka kulifuta itabidi achore upya. Atakayekuambia kwamba unafanyiwa hisani kwa kuonekana, muulize kama fundi aliyempaka ofisi yake rangi alilipwa kwa kuonekana.

Kitabu nilikichapa Barabara ya Nasser, mtaa wa wachapaji wa Kampala, kama kila mtu. Sitakuchosha na safari zenyewe. Ila ujue haya kabla hujapanda basi, maana pale hakuna mwenye muda wa kukufundisha. Kijitabu kinachoshonwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Ukija na 18 utaambiwa ongeza mbili au punguza mbili, na utakuwa umesimama mlangoni na hadithi iliyokatika. Ukurasa wa A5 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 1748 kwa 2480, na rangi zipitilize mpaka wa ukurasa milimita 3 kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Kwenye simu ya bei nafuu, ukurasa mkubwa hivyo unakupunguzia idadi ya leya, basi unganisha leya za rangi unapomaliza kila fremu. Na ile kijani inayowaka kwenye skrini haitawaka kwenye karatasi. Wino wa mashine hauna mwanga wa simu. Chapa nakala moja ya majaribio, itazame nje kwenye jua, ndipo useme endelea.

Tableti nilikuja kuinunua kwa pesa za kitabu. Ni Huion ndogo isiyo na skrini, naitumia na programu ya kuchora ya Krita kwenye kompyuta ya mtumba. Krita ni ya bure na ina kila kitu ninachohitaji. Mwanzoni mkono unachora mezani huku macho yako kwenye kompyuta, unahangaika, halafu unazoea. Programu ya Procreate ni ya iPad, kwa hiyo kama huna iPad usipoteze usiku kutazama video zake. Nakala za kazi yako weka kwenye flashi na kwenye akaunti ya mtandaoni, kwa sababu simu huibiwa. Basi, kwa upande wa vifaa sina zaidi ya hapo.

Lakini nina la kusema kuhusu moyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gado, mchora katuni mtoto wa Dar es Salaam, alikwenda Nairobi na kuchora gazetini mpaka marais wakawa wanaangalia wamechorwaje. Hapa kwetu Jimmy Spire Ssentongo ni mhadhiri wa falsafa na bado anachora, na mwaka 2023 alipowaalika watu waoneshe mashimo ya barabara mitandaoni, serikali ililazimika kuyazungumzia. Watu hawa walijulikana kwa kazi zilizotoka, wiki baada ya wiki. Anayeficha michoro mpaka iwe mizuri hatajulikana. Toa, usahihishwe, toa tena. Usiogope kusahihishwa, ogopa kubaki na faili zisizokwisha.

Na uchore kwa Kiswahili. Mhariri mmoja aliniambia usoni kwamba Uganda hakuna msomaji wa Kiswahili. Nilitoka pale nikiwa nimeumia, nikarudi Busia ambako asubuhi nzima hujasikia lugha nyingine sokoni. Wasomaji wapo mjini Bombo, wapo Arua unakoishi, na wapo kwenye kila kambi ya jeshi. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umeweka Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na walimu wanatafuta cha kuwasomesha watoto ambacho hakiwachoshi. Nimewaona wakishika kitabu changu, wanakigeuza, wanauliza kama kuna kingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukishakuwa na kurasa zilizokwisha za kutosha kijitabu, zichape chache tu. Shule zinapofungua Februari, nenda kwa mwalimu wako huyo huyo na nakala mbili, moja yake na moja ya maktaba. Usimpe bure. Mpunguzie bei, mwandikie risiti, na uhakikishe namba yako ya simu iko nyuma ya jalada.