Ripita imenikata spidi nusu, je, ni mbovu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya wageni Pangani. Ruta iko mapokezi, vyumba vya nyuma mtandao haufiki, nikafunga ripita ya waifai koridoni. Sasa unafika, lakini mapokezi napata megabiti 20 kwa sekunde, kule nyuma 9. Nimeuziwa mbovu? Na zile zinazopokea na kutuma kwa mpigo zinapatikana? – Mama wa Pangani

JIBU: Marahaba, mama. Ripita yako ni nzima. Inazungumza na ruta na wageni kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila kipande cha data hukipokea kwanza, ndipo ikakituma upya. Zamu mbili kwa kazi ya zamu moja.

Kwa nini isipokee huku inatuma? Kwa sababu inajiziba masikio yenyewe, kama mtu anayetaka kusikia mnong'ono huku anaadhini. Mawimbi inayorusha huzidi kelele ndogo kabisa za kipokezi chake kwa takriban desibeli 110, yaani mara bilioni 100. Sisi wa redio za ridhaa, tunaorusha mawimbi kwa kupenda tu, si kwa biashara, hukwepa kwa masafa mawili: ripita yetu ya kilimani hupokea kwa megahezi 145.000 na kurusha kwa 145.600, na katikati tunafunga mitungi ya kuchuja mawimbi. Skrubu zake unazigusa kidogo kidogo, macho kwenye mita, maana ukizidisha robo mzunguko tu kituo kinakuwa kiziwi.

Hiyo ya kwa mpigo, tena kwenye masafa yaleyale, ipo kweli, nami naipenda mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha redio ya waifai yenye antena moja inayochukua nakala ya mawimbi yake na kuyatoa kwenye yanayoingia, mpaka desibeli 110 zote zikaisha. Fikiria watu wawili wanaobadilishana ujumbe kupitia kituo cha kati: kwa kawaida ni zamu 4. Wakituma pamoja, kituo kikarusha mchanganyiko na kila mmoja akaondoa ujumbe wake anaoujua, ni zamu 2. Kituo na hao wawili wote wakiweza kupokea huku wanatuma, mambo yote yanakwenda pamoja.

Ila waifai ya madukani, hata ya kizazi cha 7, bado inakwenda kwa zamu kwenye chaneli moja, kwa hiyo usilipie ahadi hiyo. Vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi koridoni, usizidi mita 100, kisha kwenye mipangilio ibadilishe ripita iwe kituo cha waifai kinacholishwa kwa waya (access point). Kama hutaki kutoboa kuta, tafuta ya bendi mbili: gigahezi 5 iongee na ruta, 2.4 wabaki nayo wageni.